Rimoti Iko Mkononi mwa Nani?

Binti aliyenyanyuka na kutoka sebuleni ameitwa mwoga. Vijana waliobaki hadi majina ya waigizaji yalipoanza kupanda wamejiita watu wenye moyo na wanaojua sanaa. Hukumu hiyo ilipitishwa kwa vicheko nyumbani kwa dada yangu, hapa Dar es Salaam, na nilipouliza kosa la binti ni lipi, mpwa wangu akanijibu kwa adabu zote: "Sasa mjomba, kama mtu hapendi si anazima tu?" Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, shauri limekwisha. Kwangu ndipo lilipoanza, maana kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno ikitumiwa kuwafunga watu midomo, na sijamwona bado anayeitoa akibanwa aeleze maana yake.

Filamu yenyewe ni Funny Games ya Michael Haneke wa Austria, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 1997. Baba, mama, mtoto wao wa kiume na mbwa wanafika kwenye nyumba yao ya mapumziko kando ya ziwa. Anakuja kijana mpole mwenye glavu nyeupe kuomba mayai. Mayai yanavunjika, anaomba mengine, mwenzake anatokea, na punde baba ameshavunjwa mguu kwa fimbo ya gofu. Kisha familia inawekewa dau: ikifika saa tatu asubuhi, watakuwa hai au wamekufa? Vijana hawa hawataki fedha wala hawana kisasi. Wanacheza. Na kila baada ya muda mmoja wao, Paul, anaigeukia kamera, anatukonyeza, anatuuliza tuko upande wa nani.

Sebule iligawanyika kama filamu hii inavyowagawa watu kila inakofika. Mmoja alisema hajaona picha kali kama hiyo maishani. Mwingine alilalamika kwamba ametapeliwa: aliahidiwa picha la kutisha na damu aliiona kidogo tu. Huyo ana hoja, kwa kuwa mauaji karibu yote yanafanyika nje ya macho yetu. Mtoto anapopigwa risasi sisi tuko jikoni na Paul anayejitengenezea mkate, tunachopata ni mlio tu. Wa tatu alichukia kwa sababu picha haina steringi wa kulipa kisasi. Mlio ulipokwisha, kamera ikarudi sebuleni kwa baba na mama: televisheni imetapakaa damu huku magari ya mashindano yakizunguka ndani yake, mama amefungwa, na kwa takriban dakika kumi kamera haikati. Hapo ndipo binti alipoondoka.

Ukatili ni nini, sanaa ni nini, kuonyesha jambo na kulisifu vinatofautianaje: hayo wenye kazi hiyo wameyaeleza vya kutosha, nami nayapokea kama yalivyo. Ninachokichunguza ni kutazama. Je, anayetazama ametenda jambo lolote? Na kama ametenda, lawama inamfikia kwa njia gani?

Zipo hoja za haki dhidi ya lawama hiyo. Aristotle alishasema kwamba hofu na huruma za jukwaani humsafisha mtazamaji, na hilo ni jibu la kuheshimiwa. Waigizaji nao walikuwa watu wazima waliojua wanachofanya; Ulrich Mühe na Susanne Lothar, waliocheza mume na mke, walikuwa wapenzi hata nje ya kamera. Wala siombi serikali ifungie chochote. Uingereza ilijaribu njia hiyo kwa sheria ya mwaka 1984 iliyotaka kanda za video zikaguliwe kabla ya kuuzwa, na orodha ya kanda zilizoshtakiwa ikageuka kuwa orodha ya manunuzi ya wakusanyaji.

Hoja isiyonipa usingizi ni ile ya "si anazima tu".

Kwanza, kuzima kunadai ujuzi ambao mtu anaupata akiwa ameshachelewa. Ili nijue kwamba tukio fulani silitaki, sharti niwe nimeliona, na nikishaliona kitufe hakina la kunisaidia. Kioo kitakuwa cheusi, lakini kichwani picha inaendelea. Anayesema "zima" anaongea kana kwamba kumbukumbu nayo ina waya ukutani. Filamu hii hasa inafanya kazi yake kwa sauti na kwa kusubiri, na hakuna dakika moja ambayo mtu angeionyesha kwa kidole na kusema, hapa ndipo ningezima. Inaanza na familia ndani ya gari ikicheza mchezo wa kutambua nyimbo za opera, mara muziki wa John Zorn unalipuka juu ya nyuso zao zinazotabasamu. Je, mtu azime hapo? Azime kwenye mayai? Mayai!

Pili, wanaosema hivyo huwa wanamfikiria mtu mmoja, peke yake chumbani, na rimoti yake. Sijui nyumba hiyo iko wapi. Ninazozijua zina televisheni moja na watu wengi, na rimoti inakaa na mwenye nyumba, au na kijana mwenye sauti kubwa, au na aliyeleta flashi yenye picha hamsini. Mgeni hazimi televisheni ya mwenyeji wake. Mdogo hazimi mbele ya kaka zake. Binti alikuwa na uhuru mmoja tu, wa kutumia miguu yake, akautumia, na watu walewale wanaohubiri uhuru wa kuzima wakamcheka kwa kuutumia. Hapo ndipo ninapoona kwamba hawaamini wanachosema. Wangekuwa wanaamini kuwa kutoka ni haki, kutoka kusingekuwa aibu.

Tatu, na hili ndilo linalonikera kuliko yote, kauli hiyo imetengenezwa isishindwe. Ukitoka katikati, huna haki ya kusema kitu kwa kuwa hukuiona yote. Ukibaki hadi mwisho ukalalamika, unaambiwa ulikubali mwenyewe, mbona hukuzima? Basi ni nani anayeruhusiwa kuilaumu filamu? Ni yule aliyeipenda pekee, na yeye hana la kulaumu. Kwa mantiki hiyo hakuna kazi yoyote duniani inayoweza kuhojiwa: mahubiri, tangazo la biashara, hotuba ya mkutanoni, vyote vina mlango wa kutokea. Lakini tunavihoji, na tunafanya vizuri, kwa sababu kuwapo kwa mlango hakumwondolei msemaji wajibu wa alichokisema.

Na cha ajabu, aliyeibeba kauli hiyo kwa ustadi kuliko mpwa wangu ni Haneke mwenyewe. Amewahi kueleza kwamba anayetoka filamu ikiendelea hakuwa anaihitaji, na anayebaki hadi mwisho anaihitaji. Yaani aliyetoka amefaulu mtihani, aliyebaki ameshikwa na hatia ya kupenda mateso ya wengine. Ni mwenyeji anayekukaribisha mezani, anakupakulia kwa mkono wake, kisha anakuuliza mbona una njaa. Wanaomsifu wanasema huo ndio ukuu wake: anatuonyesha uso wetu. Labda. Ila kioo kinachoonyesha uso hakimchagulii mtu sura, na Haneke anachagua kila kitu, hadi dakika ambayo mama anapata bunduki.

Tukio hilo lazima nilieleze, maana hoja yote ya filamu imelala humo. Mama anaikwapua bunduki na kumpiga risasi Peter, yule aliyekuja kuomba mayai. Hii ni mara pekee tunapoonyeshwa waziwazi mtu akipigwa risasi, na sebule nzima ilishangilia. Nami moyo ulinitulia. Paul anahangaika, anatafuta rimoti, anaipata, anairudisha filamu nyuma mbele ya macho yetu, Peter anafufuka, na safari hii bunduki inanyakuliwa mapema. Haki tuliyoionja inatolewa mdomoni. Haneke anatuambia: mmeshangilia mauaji, sasa niambieni mnatofautianaje na hawa.

Lakini Haneke alikuwa anaiwazia hadhira ya sinema, iliyokaa gizani bila kitufe. Sebuleni kwa dada yangu kijana mmoja alichukua rimoti halisi, akarudisha picha hadi pale Peter anapopigwa, akaitazama tena, kisha tena, akicheka. Tukio lililokusudiwa kumnyima raha hiyo likampa raha hiyo mara tatu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza nani alimshinda nani. Kijana aliuvunja mtego, kwa sababu alimnyang'anya mwongozaji rimoti yake. Au aliingia ndani zaidi, kwa sababu alifanya hasa kile anachokifanya Paul: kuutengeneza ukweli upya mpaka umfurahishe. Maoni yote mawili yananishika kwa zamu.

Niseme kitu kuhusu vibanda vya video, ingawa najua natoka njiani. Kizazi changu kiliuona ukatili wa filamu kikiwa na msimulizi anayeongea juu ya picha. Hapa Tanzania alikuwapo Lufufu, ambaye sauti yake ilikuwa juu ya mapigano ya Hong Kong na bunduki za Marekani. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana wasimulizi wanaoitwa VJ, na huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ilikuja kuwa sehemu ya filamu yenyewe, ikiwatania wahusika wanapoanguka. Watu wanadhani kazi ya hao ilikuwa kutueleza maneno tusiyoyajua. Ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mtu akichinjwa kwenye kioo, palikuwa na binadamu chumbani anayesema jambo: anamzomea adui, anamwonya steringi asiingie mlango ule, anamtania marehemu. Hukuachwa peke yako na kifo cha mtu. Ukiogopa, sauti ilikuwa inaogopa nawe au inakucheka kidogo, na benchi zima lilicheka pamoja. Sidai kwamba palikuwa mahali pa adabu. Watoto waliona wasiyopaswa kuyaona, na kucheka maiti kuna ubaya wake. Lakini kila mtu alijua kwamba kutazama ni kazi ya watu wengi, na msimulizi alibeba sehemu ya mzigo.

Paul naye ni msimulizi wa namna hiyo. Anaongea nasi kama Lufufu alivyoongea nasi, anatania, anatuuliza tunasubiri nini. Ajabu ni kwamba kijana wa sebuleni aliyeangua kicheko labda alimsikiliza kwa masikio ya kibandani, ambako sauti inayotukonyeza huwa rafiki yetu. Haneke aliiweka sauti hiyo kwenye mdomo wa muuaji. Katika hilo namvulia kofia, na hapohapo namshuku, kwa kuwa msimulizi wa kibandani alikaa benchi moja nasi, lakini huyu anatuacha na lawama na kwenda zake.

Basi anayetazama ametenda? Naona ametenda, ila si peke yake, na sehemu yake haipimwi kwa kuangalia kama alizima. Inapimwa kwa alichokifanya baada ya kuona, kama yule aliyerudisha picha nyuma, au wale waliomcheka aliyeondoka. Hata hivyo kipimo changu kinanikwama kwa yule aliyekaa kimya hadi mwisho, hakucheka, hakurudisha nyuma, hakusema neno. Mtu huyo nilikuwa mimi, na sijui nimweke wapi.

Mwaka 2007 Haneke aliitengeneza filamu hii upya nchini Marekani, kwa Kiingereza, akiwa na Naomi Watts na Tim Roth, karibu tukio kwa tukio, kwa sababu hadhira aliyoikusudia tangu mwanzo ilikuwa ya Wamarekani na filamu ile ya kwanza haikuwafikia vya kutosha. Mtu anayeamini kwamba mtazamaji mwema ni yule anayeondoka ameitengeneza filamu ileile mara mbili ili itazamwe na watu wengi zaidi. Msomaji anayeweza kunieleza hilo, namsikiliza. Asianze tu kwa kuniambia ningezima.