Mbwa Hana Dhambi. Je, Mwenye Mbwa?



Mwaka jana, hapa kwetu Nakivale, mbwa wetu Askari aliua kuku wa mama jirani. Sisi wa nyumba ya mchungaji tulikuwa na jibu tayari: mbwa ni mnyama, hajui dhambi. Jibu hilo ni la kweli. Mbwa huzaliwa na tamaa ya kukimbiza kinachokimbia, hata akiwa ameshiba; kuku akipiga mabawa na kelele ndipo tamaa inapozidi. Lakini tuligundua kwamba tulikuwa tumejificha nyuma ya jibu la kweli.

Tukasoma tena Kutoka mlango wa 21, kuanzia mstari wa 28, habari za ng'ombe apigaye kwa pembe. Sheria ile haichunguzi moyo wa ng'ombe. Inamuuliza mwenyewe: ulijua? Ng'ombe akimuua ng'ombe wa jirani bila kuwa na desturi hiyo, hasara inagawanywa. Ikiwa mwenyewe alijua na hakumzuia, analipa ng'ombe kwa ng'ombe, na mzoga unakuwa wake. Nasi tulijua. Mwezi mmoja kabla, Askari alimng'oa jogoo wetu manyoya ya mkia, tukacheka.

Basi tulilipa kuku kwa kuku. Watoto wetu walipiga hesabu upesi kwamba kwa mstari wa 36 mzoga ni wetu; tukaona haya, tukamwachia mama. Lakini kuku yule alikuwa na vifaranga tisa, na sheria ile haitaji vifaranga. Kuku mgeni mara nyingi huwadonoa wasio wake. Mama aliwalea ndani ya boksi karibu na jiko, wakakua wanne tu. Yeye ni mjane, na tangu mgao wa chakula upunguzwe, kuku ndiye aliyekuwa daftari na dawa za watoto wake. Tulipompelekea kuku wetu alisema, "Asante, Pasta," na hakuongeza neno. Tulielewa kwamba deni halijaisha.

Washauri hawakukosekana. Wengine walisema tumuue. Tulikataa, kwa sababu ingekuwa kumtoza mnyama deni letu. Wengine walisema tumfunge mzoga shingoni mpaka uoze; hilo ni mateso tu, mbwa haunganishi uvundo wa leo na kosa la juzi. Kipigo tulikijaribu, tunakiri. Askari alijifunza kutuogopa sisi, si kuwaacha kuku. Tukiwapo alilala kimya. Tukigeuka, masikio yalisimama. Utii wa namna hiyo tunaujua, hata kanisani.

Njia iliyofaa ilichosha. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa mbwa akizoezwa na kuku tangu majuma yake ya kwanza, kazi huwa nyepesi. Askari alikuwa na miaka mitatu. Tulimfunga kamba, tukakaa naye hatua thelathini kutoka kwa kuku. Kila alipoondoa macho kwao na kututazama sisi, alipata ndagala mmoja. Alipokaza macho na mwili ukawa mgumu, tulirudi nyuma naye. Akivuta kamba hapati kitu, wala hapigwi. Kesho yake tunasogea kidogo. Watoto walinung'unika kwamba ndagala zinaliwa na mbwa, na walikuwa na haki. Tukahamia kwenye ukoko wa ugali. Ilichukua miezi miwili, asubuhi na jioni.

Sasa kuku huchakura karibu na miguu yake naye amelala. Hata hivyo, tukienda shambani au ibadani tunamfunga, na usiku kuku hulala katika banda lililoinuliwa, mlango umefungwa. Ndugu mmoja alituambia huko ni kukosa imani, akatutajia mbwa-mwitu na mwana-kondoo wa Isaya 11. Sisi tunaona siku ile ni ya Bwana kuileta; uani kwetu bado tuko Kutoka 21. Kumwacha Askari peke yake na kuku ni kufanya jaribio ambalo hasara yake ataibeba jirani.

Juma lililopita mama alikuja kuuliza kama kamba bado ni nzima. Tulimwonyesha. Alishika fundo, akalivuta mara mbili, kisha akarudi kwake kuwafungulia kuku.