Kicheko cha Uwanjani

Mwezi Oktoba 1978, askari wa Iddi Amin walipovuka mpaka na kulitwaa eneo letu la kaskazini ya Mto Kagera, nilikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Habari tulizisikia redioni, tumebanana bwaloni na sahani za ugali mikononi. Wenzetu waliotoka Bukoba hawakula siku ile. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usidhani nina shaka na vita ile. Tulivamiwa, watu wetu wakauawa, mifugo yao ikaporwa. Kujihami ilikuwa haki yetu, na mpaka leo naamini hivyo.

Mafunzo ya mgambo hayakuwa mageni kwetu, kwani tangu Mwongozo wa TANU wa 1971 ulinzi ulihesabiwa kuwa kazi ya kila mwananchi. Lakini sasa yalipamba moto. Alfajiri mchakamchaka, jioni kwata badala ya mpira. Asubuhi darasani tulifundishwa kwamba mtoto anayeuliza "kwa nini" ndiye anayejifunza. Jioni uwanjani tulifundishwa kutouliza. Sikuona ubaya. Jeshi lisilo na amri ni kundi la watu wenye silaha tu.

Jioni moja tulifundishwa kuchoma kwa singe. Bunduki zetu zilikuwa miti iliyochongwa. Gunia la majani lilifungwa kwenye nguzo, likavikwa shati bovu, na kila aliyelifikia alitakiwa apige kelele "Nduli!" kisha achome. Zamu ya rafiki yangu, niliyepakana naye kitanda bwenini, ilipofika, alisimama.

"Samahani, afande," alisema. "Huyu ni Amin mwenyewe, au ni kijana wa Uganda aliyelazimishwa kuvaa gwanda?"

Hakukataa kuchoma, aliuliza tu. Akarushwa kichura kuuzunguka uwanja mara tatu, na sisi tukacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti, nikihakikisha afande ananiona.

Atatokea mtu aseme kwamba askari anayesita mbele ya adui hufa na kuwaponza wenzake. Ni kweli. Lakini sisi hatukuwa mstari wa mbele, tulikuwa chuoni. Swali lile lisipoulizwa chuoni, litaulizwa wapi? Tena lilikuwa swali la maana. Machi 1979, Waganda waliokimbia utawala wa Amin walikutana Moshi ili waunganishe nguvu za kuikomboa nchi yao. Wapiganaji wao walikuwa bega kwa bega na jeshi letu hata Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili. Askari wetu ilimbidi ajue Mganda yupi ni adui na yupi ni mwenziwe, na gunia la majani halikuweza kumfundisha hilo.

Hata hivyo, simlaumu sana afande. Alikuwa na kazi ya kuwakomaza vijana laini kwa muda mfupi. Ninayemshtaki ni mimi mwenyewe. Amri ilinitaka nichome, nikachoma. Hapo naweza kujitetea. Lakini hakuna aliyeniamuru nicheke. Mikono yangu ilikuwa chini ya amri, kicheko kilikuwa changu. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya: tunaweka chini ya amri hata yale tuliyoyatoa kwa hiari, ili tupendeze.

Usiku ule nilimletea maji ya moto na chumvi akande magoti yaliyovimba.

"Ahsante, ndugu yangu," alisema, wala hakugusia jambo lingine.

Nami sikugusia. Tulipomaliza chuo tulipangiwa kazi, yeye kusini na mimi kanda ya Ziwa, na hatukuonana tena. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo. Mara nyingi darasa limemcheka mtoto kwa swali lake, nami nimelinyamazisha kwa ukali uliowashangaza wanafunzi. Walidhani nawakasirikia wao.