TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: NAMBA YA SIMU NI MLANGO



Swali la leo: mtu akificha namba yake na kutumia namba ya intaneti, je, huo ni uongo?

Namba ya intaneti haikai kwenye laini ya simu yako. Unaipata kupitia programu, simu zinaingia kwa bando, na ukiichoka unaifunga. Mama anayeuza vitenge mtandaoni anaweza kuwapa wateja hiyo, ile nyingine ikabaki kwa ndugu zake.

Tusiharakishe kumlaumu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Ukianza kumtumia mtu pesa, jina lake linatokea kabla hujathibitisha. Kwa hiyo dada akiandika namba kwenye bango la duka, ameandika na jina lake. Halafu zinaanza simu za usiku wa manane, na zile za "ile hela tuma kwa namba hii".

Katika Surat An-Nur, aya ya 27 na 28, Allah ametufundisha tusiingie nyumba za watu bila kuomba idhini na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Basi mwenye nyumba ana haki ya kutofungua. Hiyo ni stara.

Lakini anayechukua namba ya pili ili akope asilipe, atukane watu au amsumbue mke wa mtu, huyo amevaa kinyago akaingia nyumba ya mwenzake. Jiulize: namba hii inanikinga na madhara, au inanikinga nisiwajibike? Watu wanaweza wasikujue. Allah anakujua.

Sasa tuje kwetu sisi wenye laini moja tu. Mtu anakwambia "nirushie namba ya fulani", unairusha hapohapo. Orodha ya wanaopokea zaka, majina na namba, inapigwa picha na kutupwa kwenye kundi. Mjane ambaye hakutaka hata jirani ajue, leo anajulikana kutoka Migato mpaka Bariadi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sisi tulishaamrishwa kutunza amana zamani sana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuhini amana ni katika alama za mnafiki.

Kazi ya leo kabla ya futari:

1. Ukiombwa namba ya mtu, mwulize mwenyewe kwanza. Au chukua namba ya anayeomba, umpelekee, aamue yeye.
2. Kama una orodha ya watu kwenye simu na kazi yake imekwisha, ifute.
3. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Usije ukawa kinyago cha tapeli bila kujua.

Ewe Allah, tustiri, utupe uaminifu wa kuwastiri wenzetu, na utukubalie swaumu zetu. Amin.