Haki ya Madaktari Juu Yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu zetu, kumezuka neno katika mji wetu, nalo ni neno jema. Baadhi ya wenzetu wataka Waislamu wa Mombasa wawaenzi madaktari wa Chama cha Madaktari wa Kenya, chama kilichoasisiwa mwaka 1968 na chenye tawi lake hapa petu, kwa khidma yao ya miaka mingi. Wengine wameinua sauti wakauliza: Je, yafaa kuwaenzi watu hawa, ilhali wengi wao si wa dini yetu? Swali hili tumeletewa darasani si mara moja. Basi tumeona yatupasa kulijibu waziwazi, na baada ya kulijibu tuseme na jambo jingine ambalo hatukuulizwa, nalo kwetu ndilo zito zaidi.

Ama hilo la kwanza halitaki maneno mengi. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu, wala hakusema watu wa mila gani. Na alipougua sahaba wake Saad bin Abi Waqqas, Mtume alikwenda kumzuru, akamwekea mkono wake mtukufu kifuani, kisha akamwelekeza kwa al-Harith bin Kalada, mtu wa kabila la Thaqif aliyekuwa akijua utabibu. Wanazuoni wameandika kwamba al-Harith huyo haikuthubutu kuwa alisilimu. Sasa mtu ambaye huipokea dawa mkononi mwa tabibu, akaimeza, akapoa, kisha akaona haya kumwambia tabibu yule ahsante, huyo asitwambie kwamba ailinda dini. Hicho ni kiburi tu.

Na khidma yenyewe hatuna haja ya kwenda mbali kuitafutia ushahidi. Sote twaukumbuka mwaka 2020. Milango ya misikiti ilifungwa, tukaswali tarawehe majumbani, na tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa, hapana wa kuingia wala wa kutoka. Siku hizo kila mtu alimkimbia mwenziwe. Mtu akikohoa barazani, baraza nzima huvunjika. Walakini walikuwako watu waliokuwa wakitoka majumbani mwao kila asubuhi kwenda kuwainamia wale wale tuliokuwa tukiwakimbia, nao walikuwa na wake na waume na watoto kama sisi. Daktari wa kwanza wa nchi yetu kufa kwa maradhi hayo alikuwa mwanamke, na kazi yake ilikuwa kuwazalisha wanawake wenziwe. Alikufa Julai mwaka ule ule. Baada yake wakafa wengine.

Nasi tuliwalipa nini? Wako miongoni mwetu waliokataa kupimwa walipofuatwa mpaka mlangoni. Wako waliosema kwamba maradhi hayo ni uzushi, na wako waliosema kuwa kujikinga ni upungufu wa imani. Hawa wa mwisho twawakumbusha khabari ya Sayyidna Umar. Alikuwa safarini kwenda Sham, na alipofika Sargh akaambiwa kuwa tauni imeingia huko, ndiyo ile ya Amwas ya mwaka wa 18 wa Hijra. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akakata shauri kurudi. Abu Ubaida akamuuliza iwapo aikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba aitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye majani na bonde kavu. Ndipo Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume, kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliye ndani yake asiikimbie. Je, nani katika sisi ana imani kumshinda Umar?

Tumekwisha kulijibu swali, na sasa twaja kwenye lile ambalo hatukuulizwa.

Tukishawakusanya madaktari hawa ukumbini, tukawavisha makoti, tukawapa ubao wa kutundika ukutani na sahani ya biriani, je, tumeitimiza haki yao? Hatuizuii karamu, na biriani ya mji wetu haina kosa. Lakini daktari hakusoma miaka yote ile ili apewe ubao. Muulizeni atakwambieni ataka nini. Ataka mzazi aletwe mapema. Uchungu humshika mwanamke usiku, damu ikatoka kupita kiasi, na nyumbani watu wangali wakishauriana: mume hayuko, mama mkwe hajatoa rai, na fundi ameshaitwa aandike kombe na kufunga hirizi. Akifikishwa hospitali alfajiri, damu imekwisha mwilini, na daktari ndiye anayelaumiwa. Hatusemi dua isisomwe. Dua ni silaha ya Muumini, naisomwe garini, naisomwe hata mlangoni pa chumba cha kuzalia. Twasema kwamba mwenye kuichelewesha roho ya mtu kwa ajili ya hirizi atakuja kuulizwa juu ya roho hiyo.

Na kuna aibu nyingine, ambayo twaitaja kwa uchungu. Waume wa mji huu wakipeleka wake zao hospitali husimama mlangoni wakataka daktari mwanamke. Hiyo ni haki yao na ni heshima ya wake zao. Lakini mume huyo huyo, binti yake akimaliza kidato cha nne na alama njema za sayansi, humwambia kuwa masomo yametosha, sasa akae angoje posa. Basi huyo daktari mwanamke anayemtaka atatoka wapi? Ataka binti wa watu asome miaka sita, akeshe zamu za usiku, apate dhiki zote, ili aje kumsitiri mke wake yeye, na binti yake mwenyewe asiiguse kazi hiyo! Rufaida al-Aslamiyya alipigiwa hema ndani ya msikiti wa Madina akitibu majeruhi, na Saad bin Muadh, alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, alipelekwa katika hema hiyo. Aliyeridhia jambo hilo ni Mtume mwenyewe, na sisi ni nani hata tuone haya kwa alilolikubali yeye?

Sisi watu wa pwani twajinasibu na madhehebu ya Imamu Shafi. Imepokewa kwamba Imamu huyo alikuwa akisikitika kuona Waislamu wameupoteza utabibu, akauhesabu kuwa ni thuluthi ya ilimu, wamewaachia Mayahudi na Manasara. Na Imamu Ghazali katika Ihya ameuhesabu utabibu kuwa ni fardhi ya kifaya, akalalamika kuwa miji mingi haina tabibu ila wa dini nyingine, na huku watu wasongamana katika fikihi wapate kushindana kwa hoja. Amekufa zaidi ya miaka 900 iliyopita, na mwenye kuyasoma maneno yake adhani ameketi nasi jana.

Tena tunazo nyumba na maduka ya wakfu, na aghlabu ya mapato yake huenda katika mazulia na rangi za misikiti. Misikiti ina haki yake. Lakini Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Kairo, mwaka 1284, aliiwekea wakfu, wagonjwa wakitibiwa bila malipo, maskini na tajiri, wanaume na wanawake, kwa mapato hayo. Hatukusikia mwanachuoni aliyesema kuwa wakfu huo ulipotea bure.

Kwa hivyo rai yetu ni kwamba karamu na ifanywe, iwe ndogo, na fedha zitakazobaki ziwe mwanzo wa mfuko wa kuwasomesha utabibu mabinti zetu. Madaktari wenyewe tuwaombe wachague nani anafaa, maana wao wajua kazi hiyo yataka mtu wa namna gani. Mzazi mwenye binti aliyefaulu sayansi na atujie darasani baada ya swala ya alasiri, yeye na binti yake. Khabari ya karo tutaizungumza papo hapo.