Kikivunjika Kioo cha Nyuma

Mwanangu, usikiguse. Najua mkono unawasha. Umetoka nje asubuhi, funguo mkononi, umeshachelewa kazini, na nyuma ya gari, pale palipokuwa na kioo, pamebaki shimo. Chembe zimejaa kwenye buti kama chumvi ya mawe. Mtu wa kawaida hapo hukimbilia ufagio, halafu humpigia fundi. Uache ufagio. Fundi naye atangoja.

Toa simu upige picha. Piga kwa mbali hadi namba ya gari ionekane. Piga kwa karibu. Piga na zile chembe ndani ya buti, na kilichokivunja kama bado kipo: jiwe, mpira wa watoto, ncha ya ubao. Kisha mwandikie broka wako hapo hapo, hata kama ni Jumapili na yuko kanisani. Ujumbe ule una tarehe na saa, na utakufaa. Ndipo ufunike shimo kwa nailoni na selotepu pana, umwombe soja wa korti unayokaa alitupie jicho gari, uende Mumias South Road upande matatu kama watu wengine.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi sikungoja.

Tulikuwa na Peugeot 504, ya mkopo wa kazini, enzi ambazo mtu akiwa na gari Buruburu alijulikana korti nzima. Kioo cha nyuma kilivunjika Ijumaa jioni, na Jumapili kulikuwa na arusi. Jumamosi asubuhi nikalipeleka Grogan. Barabara ile kwenye ramani ni Kirinyaga Road, lakini mwulize mtu yeyote mwenye gari, atakwambia Grogan. Fundi alikuwa hodari, simnyimi sifa yake. Alipaka maji ya sabuni kwenye mpira, akazungusha kamba ndani ya mfereji wa ule mpira. Mwenzake alisukuma kioo kutoka nje huku yeye akivuta kamba kutoka ndani, kidogo kidogo, na mdomo wa mpira ukageuka ukakaa juu ya bati pande zote. Nilisimama nikatazama kana kwamba natazama sinema. Vipande vya zamani vilikwenda na takataka za gereji.

Jumatatu nikaenda kwa kampuni ya bima na risiti ya karatasi ya daftari, haina muhuri, haina namba ya gari. Karani alikuwa mpole. Aliniuliza kioo kilichovunjika kiko wapi. Akaniuliza ni nani kati yao aliyekiona. Sikuwa na jibu, na sikulipwa. Nilinung'unika mwaka mzima, mpaka siku moja nilipousoma mkataba nikakuta imeandikwa waziwazi kwamba matengenezo yasianze kabla hawajaarifiwa na kukagua. Saini yangu ilikuwa chini yake.

Tafadhali, mwanangu, soma kabla ya kutia saini. Nyinyi mnabonyeza "nakubali" kwenye simu bila hata kuteremka mwisho wa ukurasa. Bima ya gari siku hizi inanunuliwa hivyo hivyo, na cheti chenyewe kinakuja kidijitali. Wepesi huo ni mzuri. Lakini kioo cha nyuma unakilipia siku ile ya kununua bima, kwa maswali unayouliza au usiyouliza. Siku ya kuvunjika unavuna tu.

Swali la kwanza ni la aina ya bima. Kama umechukua thadi pati kwa sababu ni nafuu, sahau. Ile bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria zetu inahusu watu wengine wanaoumia au kufa kwa sababu ya gari lako. Kampuni nyingi huongeza na mali ya hao wengine, kwa kikomo. Kioo chako wewe hakimo. Thadi pati inakusaidia tu pale ambapo wewe ndiye "mtu wa tatu": matatu ikikugonga nyuma pale mzunguko wa Mutindwa, bima ya matatu ndiyo unayoidai. Hapo nenda kituo cha polisi, upate abstrakti, yaani ile ripoti yao fupi, yenye namba ya gari lao na jina la kampuni yao ya bima. Usikubali elfu tano za kondakta mezani, ukaandika kwamba yameisha. Ukishasamehe kwa maandishi, huna tena la kudai kwa bima yao.

Kama una bima kamili, ile komprihensivu, bado usitulie. Ndani yake kuna kipengele kinachoitwa cha windskrini, na hapa ndipo vijana wengi huanguka. Mkataba mmoja utasema kinahusu kioo cha mbele na vioo vya madirisha. Mwingine utataja cha mbele pekee. Binti mmoja wa korti yetu, ana Fielder safi, alifunga mlango wa nyuma kwa nguvu huku mbao za kitanda zimechomoza. Kioo kikamwagika chote. Alikuwa na hakika kwamba kipengele kile kinamhusu. Hakikumhusu. Muulize broka wako, na umwombe akujibu kwa maandishi: vioo vyote, au cha mbele tu?

Usidhani ni jambo dogo, maana vioo hivi viwili ni ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Cha mbele kina tabaka mbili zilizobanwa na utando wa plastiki katikati. Jiwe likikigonga hupata ufa, na ufa mdogo fundi anaweza kuujaza dawa ukaendelea na safari. Cha nyuma kimepashwa moto mkali kikapozwa ghafla. Hustahimili mengi, lakini kikishindwa hushindwa chote kwa mpigo mmoja, chembe chembe, ili kisimkate mtu. Hakizibiki. Kinabadilishwa. Na magari haya mnayoagiza kutoka Japani, kioo cha nyuma kina nyuzi za joto za kuondoa ukungu, pengine tundu la waipa, pengine na antena ya redio imo humo humo. Ndiyo maana bei ya kioo kitupu na bei ya kioo kamili haziwi sawa.

Sasa tufanye hesabu, chukua kalamu. Tuseme gari lako limethaminiwa shilingi 1,200,000. Mikataba mingi huweka ekses, yaani kile kiasi unachobeba mwenyewe, kuwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Hiyo ni 30,000. Kioo na kazi ya kukiweka, tuseme, ni 35,000. Ukidai kama ajali ya kawaida, bima itakupa 5,000. Umejaza fomu, umepanga foleni, na mwakani punguzo lako la kutodai limekwenda, kwa elfu tano. Heri ungetoa mfukoni.

Ukidai kupitia kipengele cha vioo, mambo hugeuka. Kikomo chake mara nyingi ni kati ya 30,000 na 50,000, na kampuni nyingi hapo hazikati ekses wala hazigusi punguzo lako. Kikomo kikiwa 50,000, unalipwa 35,000 zote. Kikiwa 30,000, unaongeza 5,000 zako. Kioo kile kile, gari lile lile.

Kikomo hicho kinaweza kupandishwa. Ukinunua bima kamili hupewa barua ya kwenda kwa mthamini. Watu huipokea ripoti yake, wakatazama thamani ya gari, wakafurahi au wakakasirika, wakaikunja. Ikunjue. Chini ya thamani ya gari huwa kuna mstari wa windskrini na mstari wa redio, kila mmoja na bei yake. Bei ya windskrini ikizidi kikomo chako, mwambie broka aongeze. Nyongeza kwa kawaida hutozwa kama asilimia 10 ya kile unachoongeza: kwa 20,000 zaidi ya kinga, utalipa 2,000 kwa mwaka. Ile 2,000 mnaimaliza kwa kuku na chipsi jioni moja, sisemi kwa ubaya.

Kuna milango mingine ya kutokea pesa ambayo ningependa uifunge mapema. Bima huishi ikishalipwa. Wengi wenu huchukua cheti cha mwezi mmoja mkiahidi kumalizia, mwezi unakwisha, nyinyi mmesahau, na kioo hakisahau kuvunjika wiki ya tano. Tena kama jioni unabeba abiria wa programu za teksi na mkataba wako unasema gari ni la matumizi ya nyumbani, wakijua watakukatalia, na watakuwa na haki. Gari ulilonunua kwa mtu nalo halikuji na bima yake. Ya kwake ni ya kwake.

Halafu kuna ghasia. Kizazi chenu ndicho kilichojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, kwa hiyo mnalihitaji hili kuliko sisi. Kioo kilichovunjwa kwenye vurugu za kisiasa mara nyingi hakilipwi isipokuwa umenunua nyongeza ya ghasia za kisiasa na ugaidi. Huandikwa kwa herufi tatu, PVT, kwenye karatasi ya bei, mahali ambapo macho hupita haraka. Kama unaegesha katikati ya mji kila siku, ichukue.

Na usichague kampuni kwa bei peke yake. Tuliokuwa na magari zamani tuliiona Kenya National Assurance ikianguka 1996, United ikiwekwa chini ya msimamizi 2005, Blue Shield 2011. Watu walikuwa na vyeti halali kwenye vioo vyao vya mbele, na nyuma ya cheti hapakuwa na mtu.

Najua kishawishi kitakachokujia, maana kilinijia. Kijana mmoja atakwambia, mzazi, bima itakuchelewesha, kuna kioo cha mitumba, kinatoka kwenye gari kama lako, nusu bei, leo leo. Wakati mwingine ni cha haki, kimetolewa kwenye gari lililoanguka. Kama gari lako ni la zamani na ekses ni kubwa, mimi sitakulaumu ukikinunua kwa duka linalojulikana, lenye risiti. Lakini jiulize kwa nini magari mengi Nairobi yamechorwa namba kwenye saidimira, taa na madirisha. Kioo chenye namba iliyokwanguliwa pembeni, kirudishe. Kuna mtu Umoja au Donholm anakitafuta.

Bima itachukua siku kadhaa, hata wiki. Watataka fomu ya dai, nakala ya leseni ya dereva na ya logibuku, picha zako, na bei kutoka kwa mwuza vioo wanayemkubali. Kama kilivunjwa na mwizi, watataka na abstrakti. Laptopu iliyokuwa kiti cha nyuma usiwaulize. Vitu vya ndani mara nyingi si vyao. Kuwa mpole kwa simu. Piga kila siku ya pili, taja namba ya dai, andika jina la aliyepokea. Gari na liegeshwe ndani ya geti, mvua ikija badilisha nailoni. Usiendeshe hivyo Jogoo Road, moshi wa bomba huvutwa ndani kupitia lile shimo na utafika umeumwa kichwa.

Siku ya kuweka kioo, kaa hapo hapo. Siku hizi ni gundi, si kamba na sabuni. Hakikisha bati limefutwa likakauka na gundi ya zamani imekwanguliwa. Mwambie fundi aunganishe waya za nyuzi za joto mbele yako, uwashe swichi, uweke kiganja kwenye kioo usubiri kama kinapata moto. Uulize gundi inahitaji saa ngapi kabla ya kuendesha, na uziheshimu. Siku hiyo acha dirisha moja wazi kidogo, maana ukibamiza mlango vioo vyote vikiwa vimefungwa, hewa ya ndani inasukuma kioo kipya kabla gundi haijashika. Pitisha mashine ya kuvuta vumbi kwenye buti na chini ya viti mara mbili, chembe zile hujificha kwenye mikanda, na watoto hukaa hapo. Risiti iwe ya eTIMS, ile ya mtandao wa kodi, yenye namba ya gari. Ipige picha kabla hujaitoa mkononi.