Mwenye Chombo na Kiini Chake

Kutumia chombo si kukijua, wala kumiliki mali si kuitambua thamani yake. Tanzania ilikumbushwa jambo hili mwezi wa Machi 2017, serikali ilipozuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, Kahama mkoani Shinyanga, yasipelekwe ng'ambo kuyeyushwa. Makontena 277 yalizuiliwa Dar es Salaam. Kamati ya serikali ilisema kuwa dhahabu iliyomo ilizidi mno iliyotangazwa. Kampuni ya Acacia ilikanusha. Ubishi haukukatika upesi, maana tanuru, mwamuzi wa mwisho, lilikuwa katika nchi za watu.

Kompyuta nayo ni kontena lililofungwa. Ndani yake mna mfumo endeshi, programu igawayo kumbukumbu, ipangayo zamu za kazi na kuamuru diski na kioo. Kijana wa Shinyanga atakaye kuujenga mfumo huo tangu chini huanza na ufukara. Katika kompyuta za mtindo wa zamani, mashine iwashwapo husoma baiti 512 za kwanza za diski. Humo ndimo aziwekamo amri zake za mwanzo. Hana faili wala zamu mpaka azitunge mwenyewe. Baada ya jasho la miezi hupata kitu duni kuliko kile kilichokwisha kuwamo ndani ya mashine.

Je, huko si kupoteza umri? Hoja hii ina uzito, kwa kuwa hapana mkulima awezaye kufua kila jembe alimialo. Lakini Andrew Tanenbaum alitunga Minix, iliyotoka 1987, kwa ajili ya kufundishia. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alijifunza kwayo, na mwaka 1991 akaanza Linux kwa kujifurahisha. Leo kiini cha Linux kimo katika simu za Android.

Hata hivyo, faida ya mwanafunzi haitegemei umaarufu. Mchimbaji mdogo wa Geita husaga jiwe na kuliosha ndipo aamini kuwa lina dhahabu. Kadhalika aliyejenga tangu chini, akiambiwa kuwa mashine ni salama, aweza kulipima neno hilo.

Si wajibu wa kila raia kujenga mfumo endeshi, wala tanuru. Ni wajibu wa taifa kuwa na watu wawezao. Mtegemea cha nduguye hufa maskini; pengine hufa asijue alikuwa na nini.