Elisha Alitoka Akaenda Kwenye Chemchemi



Watu wa Yeriko walipomlilia Elisha kwamba maji yao yameharibika, hakubaki mjini kuomba. Alibeba chumvi katika chombo kipya, akaenda kwenye chemchemi yenyewe (2 Wafalme 2:19-22). Sisi wa Likasi tumewaombea wagonjwa miaka mingi. Kwenye chemchemi hatujaenda.

Mto Panda umepokea maji ya viwanda tangu zamani. Unaingia Lufira, na Lufira inaingia ziwa Tshangalele, lililotokea kwa bwawa la Mwadingusha mwaka 1930. Wavuvi wa huko ni ndugu zetu, na samaki wao tunawala. Shaba na kobalti haziozi. Zinalala katika matope, na mvua ikija zinaamka.

Wenye viwanda tutawaandikia, na serikali pia. Lakini tuseme kweli mbele ya Mungu: vijana wetu nao wanaosha mawe mtoni, na sadaka zao tumezipokea kwa vigelegele! Na miti ya kando, nani aliikata kwa makala?

Basi tumekata shauri: hakuna ubatizo tena katika Panda. Anayesema imani inatosha, akumbuke kwamba Elisha alibeba chumvi. Kuosha mawe hapo kukome. Jumamosi, baada ya maombi ya asubuhi, kila jamaa ilete jembe na mche. Matete yatapunguza mwendo wa maji ili matope yatulie, mizizi itashika udongo. Pale udongo ulipokufa tutatia chokaa na mbolea kwanza, maana chokaa hupunguza ukali wake na kuifunga shaba. Mche ukikauka, tutapanda mwingine.

Wamama wa jikoni, uji uwe tayari saa nne.